Mmoja ameshinda, mwingine ameanguka, na karamu ni Jumapili

Mama, jambo sana.

Ninakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Jina langu usiliweke, maana kwetu watu wanajuana na habari ina miguu.

Nina kijana wa miaka 18, wa tatu kati ya watoto wangu watano. Nina pia binti wa miaka 19, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Tulimchukua akiwa na miaka 9, mama yake alipofariki. Ananiita mama mukubwa, lakini mgeni akiingia nyumbani hatambui nani nilimzaa na nani sikumzaa. Mwaka huu wote wawili walikuwa finalisti, wa mwaka wa mwisho wa sekondari, na walifanya Exetat, mtihani wa serikali. Kijana alisoma Komersiale, binti alisoma Biokimia kwenye shule nyingine.

Mwenye akili ya shule ni binti, hilo kila mtu analijua. Tangu shule ya msingi hajatoka katika watatu wa kwanza. Mwanangu alikuwa wa kusukumwa. Hesabu alifundishwa na dada yake, disertasyo zake za mazoezi zilisahihishwa na dada yake. Hata wakati wa maki, vijana walipokuwa wakilala kwa mwenzao huko Kenya, komuni ya hapa hapa Lubumbashi, ili warudie masomo usiku kucha, binti ndiye aliyemwandikia daftari zima la maswali aende nalo.

Matokeo ya mkoa wetu yalitoka usiku. Umeme ulikuwa umekatika, simu tulikuwa tumezichaji kwa jirani mwenye paneli. Kila mtu anatuma kodi yake, namba yake ya mtihani, mtandao umejaa, ujumbe haurudi. Wa kijana ulifika kwanza: asilimia 53. Kabla sijamaliza kuusoma, mtaa ulikuwa umeshajaa uwanjani kwetu. Poda, filimbi, vifuniko vya sufuria. Mume wangu alilia, yeye ambaye hakulia hata tulipomzika baba yake.

Ujumbe wa binti ulifika nje wakiwa bado wanaimba. Hakushinda. Alinionyesha simu, hakusema kitu. Tulikuwa tumenunua makopo mawili ya poda, la kila mmoja. Akalichukua lile lake, akatoka, akammwagia kaka yake kichwani huku anacheka.

Tangu usiku ule sijamwona analia. Anaamka saa kumi alfajiri, anachota maji, anapiga deki, anafua hata nguo za watoto wa mpangaji wetu. Anakula kidogo sana. Ukimuuliza, anajibu: “Niko muzuri, mama mukubwa.”

Sasa mume wangu ameshapanga karamu. Jumapili ijayo, baada ya ibada ya shukrani. Mbuzi amenunuliwa, ndugu zake wanatoka Likasi. Nilimwomba tuahirishe, au tule wenyewe tu ndani ya nyumba. Akanijibu: “Mutoto wangu asifurahiwe kwa sababu mutoto wa watu ameanguka?” Neno hilo limenikaa kooni. Miaka yote hii hajawahi kumwita mtoto wa watu.

Baba wadogo wa binti nao wamepiga simu kutoka Kolwezi. Hawakuwahi kutuma hata daftari. Leo wanasema tumrudishe, yuko mtu mwenye kazi nzuri kwenye kampuni ya madini, tayari kuleta mahari. Sisi ni Babemba, kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Wao ni Baluba, wanasema mtoto ni wa baba. Mume wangu hajawakatalia.

Na pesa. Likelemba yangu, zamu yangu ya kuchangiana pesa na wenzangu, inatoka mwezi ujao. Inatosha kumwandikisha kijana Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, au kulipa mwaka mwingine wa binti. Zote mbili haiwezi. Kijana mwenyewe amenichanganya zaidi: suti aliyoshonewa amekataa kuijaribu, na anasema hataingia Unilu kama yaya, dada yake mkubwa, hajarudi shuleni.

Nisimamishe karamu? Nimwache aende Kolwezi, walau aepuke maneno ya mtaa? Pesa nimpe nani? Nikimfurahia huyu naona ninamchoma yule, nikimfariji yule naona ninamnyima huyu.

Mama wa Katuba


JIBU

Mama wa Katuba, jambo sana, na pole. Na hongera pia. Nyumbani kwako kumeingia diploma, na katika barua yako yote umeitaja haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya msiba. Nitairudia, kwa sababu mwenye diploma naye ni mtoto wako na ana miaka 18.

Umeniuliza kuhusu karamu, Kolwezi na pesa. Yote matatu yana haraka, na karamu ina tarehe kabisa. Lakini niliposoma barua yako mara ya pili nilitafuta sauti ya binti. Nimemsikia mume wako, nimewasikia baba wadogo, nimemsikia kijana, nimeusikia hata mtaa na vifuniko vyake vya sufuria. Yeye ana maneno manne tu: niko muzuri, mama mukubwa. Mnapanga mambo makubwa juu ya mtu ambaye bado hajasema lolote.

Wewe unausoma ukimya wake kuwa huzuni ya mtihani. Huenda ndivyo ilivyo. Ila tazama vizuri anachofanya. Msichana anayehuzunika kwa mtihani hulala mchana, hukataa kutoka chumbani, humtukana mkaguzi, hulaumu kodi. Wako anafua nguo za mpangaji. Mtoto anayeletwa kwenye nyumba akiwa na miaka 9, hata apendwe vipi, mara nyingi huwa na hesabu yake kichwani: nifanye nini ili nisiwe mzigo? Yuko anayelipa kwa utii. Wa kwako pengine alilipa kwa pointi, mwaka baada ya mwaka, na mlipokea kwa furaha, nani asingepokea? Sasa pointi zimekataa, naye ameanza kulipa kwa ndoo za maji.

Sisemi ndivyo ilivyo, simjui binti huyu. Nasema ulijaribu wazo hilo ukimtazama kesho saa kumi alfajiri. Kwa sababu kama ni hivyo, kumwambia “usijali, utashinda mwakani” hakutamsaidia sana. Ni ahadi usiyoweza kuitimiza, na inamwachia hofu ileile: kwamba nafasi yake kwenu inangojea matokeo ya mwakani. Kinachoweza kumfikia ni jambo ambalo kwako ni wazi mno kiasi kwamba labda hujawahi kulitamka: kwamba hapo ni kwao, akiwa na diploma au bila diploma, na hadai mtu chochote. Umwambie ukiwa naye peke yako, njiani kwenda sokoni au mkichambua lengalenga, ambapo hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Halafu usimwombe jibu.

Kuna jambo jingine la kumuuliza, na hili nakuomba usilikwepe. Anakula kidogo, halali, anacheka pasipo na kichekesho. Ukiona anagawa vitu vyake, anaaga watu bila safari, anasema kwamba mngepumzika bila yeye, muulize waziwazi kama amefikiria kujidhuru. Watu wazima wengi huogopa kwamba kuuliza ni kumtia wazo kichwani. Si kweli, mara nyingi mtoto hupata nafuu kwamba kuna aliyethubutu. Akikujibu ndiyo, au akikwepa kwa namna inayokutisha, asiachwe peke yake, dawa na sumu za panya zitolewe nyumbani, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Hapo karamu na pesa vinangoja.

Sasa mtihani wenyewe. Tangu Exetat ianze mwaka 1967, mtaa unajua kitu kimoja tu: ameshinda au ameanguka, juu au chini ya 50. Mtaa hauulizi option, mkondo wa masomo. Lakini binti yako na kijana wako hawakufanya mtihani mmoja. Masomo ya option ya Biokimia si ya Komersiale, kwa hiyo kusema “yule wa kusukumwa amempita mwenye akili” ni kuwapanga kwenye mstari ambao haupo. Pia wapo wanafunzi wanaong'ara darasani kwa sababu mwalimu anasoma hatua zao zote za hesabu na kuona wanavyofikiri. Kwenye maswali ya kuchagua jibu hakuna anayesoma hatua zako: umeweka alama hapa au pale, basi. Hilo halifuti matokeo, ila linaweza kumpunguzia wazo kwamba miaka yote kumi alikuwa anadanganya watu kuwa ana akili. Wanaozoea kuwa wa kwanza huwa na wazo hilo, na hawalisemi.

Je, mmeona karatasi, au ujumbe wa simu tu? Kabla ya kuamua mambo ya mwaka mzima, nenda naye kwa prefe, mkuu wa shule, mtazame orodha ya shule. Kodi hukosewa. Kama kuna jambo lisiloeleweka, shule ndiyo inayojua namna ya kupeleka malalamiko kwa wakaguzi, na muda wa kufanya hivyo huwa mfupi. Hatari yake ni kumpa tumaini halafu likafa tena, kwa hiyo mwambieni tangu mwanzo kwamba mnakwenda kuhakikisha, hamwendi kubadilisha. Na jihadharini na yule atakayekuja jioni akisema ana mtu Kinshasa anayeweza “kupanga” jina lake kwa dola kadhaa. Kila mwaka watu hao hutokea majuma haya haya, na wanajua kunusa nyumba yenye kilio.

Ikiwa matokeo ni hayo, njia ziko zaidi ya moja. Anaweza kurudia mwaka kwenye shule yake: atakuwa na walimu, ratiba na sababu ya kuamka, lakini pia atakuwa na sare ile ile mbele ya wadogo waliokuwa wakimwita yaya, na minervali, ada ya shule, maana masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi. Anaweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, otodidakti. Huenda ikagharimu kidogo, ila inamwacha nyumbani mwaka mzima, na wewe umeshaona anafanya nini akiwa nyumbani. Atasoma lini, na ndoo ziko pale? Anaweza kujifunza kazi kwa miezi kadhaa, kwa mfano kwenye INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, hapo hapo Lubumbashi, kisha aurudie mtihani akiwa na kitu mkononi. Wengine wataona hiyo ni kumshusha. Mimi sioni hivyo, lakini maoni yangu hayana uzito kama yake.

Kuhusu pesa, ulivyoandika ni kana kwamba siku moja utaweka likelemba mezani na mmoja atainyakua. Shule za sekondari hufungua mapema Septemba, na vyuo vikuu mara nyingi huchelewa zaidi ya hapo. Ada nazo si lazima zitolewe zote siku ya kwanza. Wapo wakuu wa shule wanaokubali awamu tatu kwa mzazi aliyekuja kusema mapema. Sijui mnapata kiasi gani, inawezekana bado haitoshi. Lakini kaa na mume wako, na watoto wenyewe wawepo, mwandike tarehe na kiasi, kabla hujaamua kwamba ni huyu au yule.

Nimefika kwa mume wako. Neno lake ni baya na lingenikaa hata mimi kooni. Usiliache lioze hapo, mwambie siku mkiwa wawili kwamba limekuumiza. Ila unaposubiri, jaribu pia kusikia kilicho nyuma yake. Kwa miaka kumi amemlisha binti huyu na kumlipia. Kwa miaka kumi hiyo hiyo mtoto wake wa kumzaa alikuwa wa pili nyumbani mwake, yule “wa kusukumwa”. Wewe mwenyewe umemwita hivyo. Usiku mmoja kijana akaja wa kwanza, baba akalia. Kisha mkewe anamwambia tusherehekee kimya kimya. Inawezekana alimtetea mwanawe zaidi ya kumfukuza mwana wa mdogo wako. Inawezekana pia kwamba kweli amechoka kulea, na simu ya Kolwezi imemwonyesha mlango. Wewe unaishi naye, utajua. Muulize bila hasira.

Karamu basi. Ukiisimamisha, utamwokoa binti na Jumapili moja, lakini kuna hatari awe ndiye “aliyezuia karamu” kwa miaka mingi, na ndugu wa Likasi hawatasahau. Ukiiacha kama ilivyopangwa, naona kabisa atakavyokuwa: atapakua bukari, ugali wa watu, kutoka asubuhi, na shangazi mmoja, hakosekani, atamshika mkono na kumuuliza mbele za watu, “Na wewe ulipata ngapi?” Kati ya hizo mbili kuna nafasi. Muulize yeye anataka awe wapi siku ile: jikoni, mezani, ibadani halafu kwa rafiki yake, au nje ya mtaa mpaka jioni. Akichagua kutokuwepo, asifuatwe. Akichagua kuwepo, mtafute mama mmoja mwenye sauti, kila ukoo unaye, umpe kazi ya kuziba midomo ya mashangazi. Jambo moja ningeliogopa: mtu mwenye nia njema kusimama na kumwombea binti kwa jina, hadharani, ili asikate tamaa. Wengi hupenda kufanya hivyo, na mtoto hutamani ardhi imfungukie.

Kijana amekataa suti. Umeniandikia jambo hilo kama usumbufu wa mwisho, nami nimelisoma kama heshima. Anajua daftari lile liliandikwa na nani. Lakini kumwacha afunge Unilu yake kwa ajili ya yaya kuna gharama: binti atabeba kuanguka kwake na kusimama kwa kaka yake pia. Na usimsukume kwa kumwambia “hayo hayakuhusu.” Yanamhusu. Mwache amwambie yaya mwenyewe anachodaiwa na moyo wake. Labda ni yeye atakayemtoa ukimyani kabla yako, maana usiku ule alipomwagiwa poda aliona jambo ambalo ninyi wakubwa mlikuwa mnaliimbia.

Kuhusu Kolwezi, umeuliza kama umwache aende aepuke maneno ya mtaa. Lakini huko haitwi apumzike, anaitwa aolewe. Hayo mawili yasichanganywe. Anaweza kutaka kutoka Katuba kwa majuma mawili, na nadhani mngemtafutia mahali pengine pasipo na mahari mlangoni. Ndoa ni jambo jingine. Ana miaka 19, kwa hiyo umri wa miaka 18 unaotakiwa na sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 ameupita. Sheria hiyo hiyo inataka ridhaa yake mwenyewe, na ridhaa ya msichana anayejiona mzigo juma la matokeo si kitu cha kuegemea. Huenda mtu huyo ni mtu mwema. Kama ni mwema, atasubiri miezi michache. Akiwa hawezi kusubiri, hilo nalo ni jibu.

Mabishano ya Babemba na Baluba juu ya mtoto ni wa nani, usiyaingie peke yako wala kwa simu. Wapo wakubwa wa pande zote mbili wanaojua kukaa nayo, na baba wadogo wana haki yao ya kusikilizwa hata kama hawakuwahi kutuma daftari. Kwa sasa mume wako anaweza kuwaambia tu kwamba wamesikika, kwamba shule bado inafuatilia karatasi za binti, na kwamba mazungumzo yoyote yatafanyika naye akiwepo. Muombe awapigie yeye, na awapigie kabla ya wageni wa Likasi kufika, maana wakikutana karamuni bila jibu watalitafuta palepale.